Nimekulipa au Nimekulipia? Majibu kwa Wasomaji

Wasomaji wapenzi, barua nilizochagua safari hii zote zinazunguka kitenzi kimoja: kulipa. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, maana ndani yake mna pesa ya mtu na ujirani wa watu wawili waliokuwa wakisalimiana vizuri.

Shikamoo Mwalimu. Nauza dagaa hapa Igombe. Nilichukua dagaa mali kauli kwa mama mwenzangu wa Kayenze. Nilipomaliza kuuza, mwenyewe alinipigia simu akasema pesa nimpe kijana wake aliyekuwa akipita na pikipiki. Nikampa kijana 240,000, tukaandikiana karatasi: "Nimemlipia Mama Fulani shilingi 240,000." Kijana akatia sahihi. Sasa mama anasema karatasi ile haihusu deni lake, eti kuna vitu vyake nilivigharamia, na deni liko palepale. Tumefika kwa mwenyekiti wa mtaa, naye amesoma akasema neno limeniangusha. Kweli herufi moja inaweza kunitoa laki mbili na arobaini?
*Msomaji wa Igombe*

Marahaba mama, na pole sana. Mwenyekiti wako amelisoma neno jinsi lilivyo. Lakini karatasi haisomwi kwa neno moja tu, kwa hiyo usikate tamaa kabla hujafika mwisho wa jibu hili.

Kitenzi *lipa* kina nafasi mbili baada yake: ya mtu anayepokea, na ya kile kinacholipwa. "Nimemlipa mama deni lake." Pesa imetoka mkononi mwako, imeingia mkononi mwa mama, deni limekwisha. Ukiingiza ile *i* ukapata *lipia*, mtu anayetajwa si mpokeaji tena. "Nimemlipia mama ushuru": hapo pesa imekwenda kwa mtoza ushuru pale mwaloni. Mama hakuishika hata shilingi, ila mzigo wake umepita. Tazama sasa kinachofuata. Nikimlipa mama, mimi sidaiwi tena. Nikimlipia mama, yeye ndiye anayeanza kudaiwa na mimi, isipokuwa kama nimeamua kumsaidia bure. Kitenzi cha kwanza kinafunga deni, cha pili kinafungua deni jingine la upande wa pili. Kwa hiyo karatasi yako, ikisomwa peke yake, haisemi kwamba umelipa. Inasema kwamba kuna mtu mwingine alipokea pesa kwa faida ya mama.

Najua jinsi kosa hilo linavyoingia, kwa sababu nimelikuta kwenye madaftari ya wanafunzi miaka yote niliyofundisha Kiswahili. Husemwa, na ni sahihi, "nimelipia dagaa", yaani nimetoa pesa kwa ajili ya dagaa niliowachukua. Mtu akishazoea *lipia* ya kitu, anaihamishia kwa mtu: "nimemlipia mama". Kumbe hapo maana imegeuka kabisa. "Nimelipia dagaa" ni manunuzi yangu. "Nimemlipia mama dagaa" ni kwamba mama amepata dagaa na mimi ndiye niliyetoa pesa.

Kuna njia ya kujikagua ambayo niliwapa wanafunzi wangu na ambayo bado naitumia. Jiulize kama jina linalofuata ni jina la malipo yenyewe au ni jina la kitu unachopata. Ada, kodi, nauli, ushuru, faini, mahari, deni: haya yote ni majina ya malipo, nayo hufuata *lipa*. Chumba, umeme, maji, gunia la dagaa, siti kwenye basi: haya ni vitu unavyopata, nayo hufuata *lipia*. Ndiyo maana mpangaji hulipa kodi lakini hulipia chumba. Mzazi hulipa ada lakini humlipia mtoto ada. Hapo pana mtu katikati anayefaidika, na pesa inakwenda shuleni, si mfukoni mwa mtoto. Ukivuka kwa kivuko cha Kamanga na pikipiki yako, unalipa nauli yako na unalipia pikipiki. Sijawahi kumsikia mtu wa pale akisema "nimelipa pikipiki", na hiyo inanionyesha kwamba masikio yetu yanaijua kanuni hii hata kama hatujafundishwa darasani.

Sasa turudi kwenye karatasi. Neno limekwenda kombo, lakini kiasi kipo, na sahihi ya kijana ipo. Kama deni lako lilikuwa 240,000 na karatasi inataja 240,000, hilo si jambo dogo. Mwombe mwenyekiti amwite kijana amuulize swali moja tu: pesa aliyopewa siku ile ilikuwa ya nini, na alimkabidhi nani? Na kama mama alikutumia ujumbe wowote kwenye simu kabla au baada ya siku ile, usiufute. Halafu mwambie mwenyekiti, kwa heshima, kwamba *lipia* inadai kitu cha kulipiwa. Ukimlipia mtu, unamlipia *nini*? Karatasi yenu haitaji ushuru, usafiri wala mafuta ya pikipiki. Kama mama anasema uligharamia vitu vyake, avitaje. Akishindwa, basi hata *lipia* yenyewe imebaki bila mguu wa kusimamia.

Mama yangu mzazi aliuza dagaa Kirumba, pale Mwaloni, na alikuwa na kaunta buku la madeni ambalo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuligusa na mikono yenye mafuta. Alisoma hadi darasa la nne, lakini lugha ya madeni aliijua kuliko mimi niliyekwenda chuo. Kila mteja alikuwa na mstari wake: idadi ya ndoo, kisha neno. Mwenye deni zima aliandikiwa *bado*. Aliyeleta sehemu aliandikiwa *kapunguza*, na kiasi pembeni. Neno *kalipa* hakuliandika mpaka senti ya mwisho imeingia, na akishaliandika alipiga mstari juu ya jina zima. Wateja waliomdanganya wapo, wote tunawajua watu wa namna hiyo, lakini sikumbuki mtu aliyebishana na daftari lile.

Hata hivyo hilo *punguza* nalo lina mtego wake kwa wanaoandikiana leo. "Nimempunguzia elfu hamsini": nani kasema? Akisema mdaiwa, maana yake ametoa elfu hamsini. Akisema mdai, maana yake amesamehe elfu hamsini. Maneno ni yaleyale, pesa mbili tofauti. Kwa hiyo kwenye karatasi usiandike *nimempunguzia*. Andika *nimemlipa sehemu ya deni*, utaje kiasi kilicholipwa na kiasi kilichobaki.

Safari nyingine unapotuma pesa kwa mkono wa mtu, andika hivi: "Leo, tarehe fulani, mimi Fulani nimemlipa Mama Fulani shilingi 240,000 (laki mbili na arobaini elfu), kwa mkono wa mwanawe Fulani, zikiwa malipo ya deni la dagaa alionipa mali kauli tarehe fulani. Hatudaiani." Sahihi zenu, na ya shahidi mmoja asiye ndugu wa yeyote. Nampenda sana huyu *hatudaiani*. Anafunga milango yote miwili kwa pamoja, wa kwangu kwako na wa kwako kwangu. Kama deni limebaki, basi usimwandike, andika "deni lililobaki ni shilingi kadhaa".

Mwalimu, rafiki yangu anabisha kwamba *lipa* limetoka Kiarabu kama *deni*. Nani kashinda? Na je, ni Kiswahili kizuri kusema "biashara ya mabondo (vibofu vya sangara) inalipa"?
*Mwanafunzi, Nansio, Ukerewe*

*Deni* ni la Kiarabu, naam. Na *riba*, *fidia*, *rehani*, *dhamana*, *kisasi*, yote hayo pia. Lakini *lipa* ni letu tangu zamani. Mkikuyu husema *rĩha*, Mnyarwanda husema *kuriha*, Mchewa kule Malawi husema *kulipira*, na wote wanazungumzia kutoa malipo. Maneno ya Kiarabu yalikuja na karatasi, mahakama na biashara ya mbali, lakini tendo lenyewe la kutoa kilicho haki ya mwenzako tulikuwa nalo na jina lake tulikuwa nalo. Umeshinda wewe.

"Inalipa" limeshaenea kila soko, na mimi silipigi vita. Anayeshika bondo la sangara akiuliza "hivi hii inalipa?" anaeleweka. Kwenye insha ya mtihani andika "ina faida".

Kikundi chetu cha kukopeshana hapa Buswelu kimegawanyika. Katibu anaandika "marejesho", mweka hazina ambaye ni mtu mzima anasema Kiswahili cha kweli ni "malipo". Bodi ya Mikopo nao wanasema "kurejesha". Tufuate lipi?
*Mwanachama, Buswelu*

Mfuateni katibu, ila mweka hazina naye ana hoja, na nitaifikia.

Tuanze na *kuazima* na *kukopa*, maana huko ndiko mambo yalikotengana. Kitu cha kuazima kinarudi chenyewe. Ukiazima sufuria kwa jirani, au taa ya kuvulia dagaa usiku wa giza, asubuhi jirani anategemea sufuria ileile na taa ileile. Hiyo *unairudisha*. Kitu cha kukopa kinaliwa. Sukari uliyokopa jana imeshakunywewa chai, na noti ulizokopa zimeshafika Dar es Salaam na mfanyabiashara mwingine. Huwezi kurudisha zilezile, unatoa nyingine zenye thamani hiyo. Hiyo *unailipa*. Siku hizi vijana husema "niazime elfu kumi", na naona wanataka kumpa mkopeshaji moyo kwamba pesa itarudi upesi kama sufuria. Sioni ubaya, mradi irudi.

*Kurejesha* imekaa katikati. Inabeba wazo la kitu kurudi kilikotoka, hata kama si noti zilezile, na mara nyingi kinarudi kidogo kidogo kwa zamu zilizopangwa. Ndiyo maana Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imelishika neno hilo: fedha inarudi kwenye mfuko uleule ili mwanafunzi mwingine akope. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi, na hilo huitwa rejesho. Mikopo ya halmashauri ile ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, nayo husemwa hivyohivyo, na kwa haki kabisa: haina riba, kwa hiyo kinachorudi ni kilichotoka.

Kwenye kikundi chenu neno *malipo* litawachanganya kwa sababu nyingine. Siku ya mkutano mwanachama mmoja anaweza kuweka mezani pesa za aina nne. Hisa *ananunua*. Mfuko wa jamii *anachangia*. Faini ya kuchelewa *analipa*. Mkopo *anarejesha*. Katibu akiandika tu "Mama Fulani amelipa 30,000", mwisho wa mzunguko siku ya kugawana mtakaa mpaka jioni mkibishana ilikuwa ya nini. Vitenzi vinne, safu nne kwenye daftari, hakuna ugomvi.

Sasa hoja ya mweka hazina. Naiunga mkono kwa moyo wote inapofika kwenye riba. Riba haikutoka kwenye mfuko, kwa hiyo haiwezi kurejeshwa. Riba *inalipwa*. Mtu aliyechukua 100,000 akatoa 110,000 amerejesha laki moja na amelipa elfu kumi. Mkiandika yote "rejesho 110,000", gharama ya mkopo imefichwa ndani ya neno jema.

Nalisema hili kwa uchungu kwa ajili ya kina mama wanaochukua ile mikopo ambayo watu wenyewe wameibatiza *kausha damu*. Mama anaambiwa "rejesho lako la kila siku ni kiasi hiki", anahangaika kutafuta hicho kiasi kila jua linapozama, na hana mahali palipoandikwa ni kipi cha msingi na ni kipi cha riba. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewaweka wakopeshaji hao, hata mtu binafsi, chini ya leseni na usimamizi. Kabla ya kuweka kidole kwenye wino, mama, uliza kwa Kiswahili hiki: "Katika rejesho hili, ninachorejesha ni shilingi ngapi, na ninacholipa juu yake ni shilingi ngapi?" Anayekataa kukujibu swali hilo amekwisha kukujibu.

Bibi yangu akifurahi husema "Mungu atakulipa". Akikasirika husema vilevile "Mungu atakulipa". Nifurahi au niogope?
*Msomaji wa Sengerema*

Mtazame usoni, mjukuu. *Lipa* halichagui. Husema tu kwamba kila mtu atapata kinachomstahili, na wema au ubaya uko kwenye ulichofanya. Ndiyo maana Biblia, kwenye Warumi sura ya 12, haikuishia kusema "msimlipe mtu", imeongeza "ovu kwa ovu". Bila nyongeza hiyo tusingejua kinacholipwa ni nini. Mistari miwili mbele pameandikwa "msijilipize kisasi", na hapo hapahitaji maelezo, kwa sababu *lipiza* ina upande mmoja tu. Hakuna anayelipiza wema. Wema hulipwa, na ndiyo maana tunasema kulipa fadhila.

Sikiliza pia *atanilipia*. Aliyedhulumiwa asiye na nguvu ya kwenda popote husema "namwachia Mungu, atanilipia". Ni *lipia* ileile niliyomweleza mama wa Igombe: mwingine anabeba kwa niaba yangu. Bibi akikwambia *hilo*, nenda ukamwombe radhi leo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mabatini. Kuna mzee wa heshima, rika la baba yangu, nilimshonea suruali mbili, hajanilipa. Kila nikikutana naye najikuta nasema shikamoo na kupita. Nimwambieje bila kumvunjia heshima?
*Fundi kijana, Mabatini*

Hili si swali la sarufi tu, na nashukuru umeliuliza, maana vijana wengi wanapoteza jasho lao kwa kukosa maneno.

"Nilipe pesa yangu" ni sahihi kisarufi na si sahihi kwa mzee. Amri haimwendei mkubwa. Sisi tuna namna nyingine, na wageni huishangaa sana: mdai huomba. "Mzee, shikamoo. Naomba unisaidie ile pesa ya suruali." Pesa ni yako, jasho ni lako, na bado unasema *unisaidie*. Usione kama unajidhalilisha. Unampa mzee nafasi ya kutoa kama mtu anayetoa, si kama mtu anayenyang'anywa, na mzee mwenye adabu atakijua ulichomwachia.

Kuna na *kukumbushia*. Si *kukumbusha*, ambayo ina ukali wa kumwambia mtu amesahau. "Nilikuwa nakukumbushia tu, mzee wangu" ni laini zaidi. Usimwambie mbele ya watu, wala usimtumie mtoto wake. Nenda kwake asubuhi, na kama ni Msukuma, "mwangaluka" yako ya kwanza itafungua mlango. Ongea habari za nyumbani kwanza. Kisha itaje pesa, na utaje kiasi. Hapa vijana wengi huanguka: wanaomba kwa unyenyekevu mpaka kiasi kinapotea, na mzee anatoa elfu mbili akidhani amemaliza. "Ile elfu ishirini ya suruali mbili, mzee." Heshima haikatazi hesabu.

Atakujibu, na majibu yenyewe uyajue. "Nivumilie kidogo" ni jibu zuri, amekiri deni. "Nitakupunguzia Jumamosi" ni jibu zuri zaidi, lina siku. "Nitakuona" halina siku wala kiasi, na mtu anaweza kukuona barabarani kila siku. Akisema hivyo, tabasamu, shukuru, kisha uulize kwa sauti ileile ya chini: "Asante mzee. Nije Jumamosi, au nije mwisho wa mwezi?" Mpe siku mbili achague. Atakayoichagua, irudie kwa kinywa chako mbele yake, na siku hiyo uende.